Nyundo Iliyofungwa Tambara

Kengele haichagui sikio. Vijana wa kwaya walilisikia neno hilo kwa Bibi Namkunda walipokuwa wakibishana kama wamwalike kwenye sikukuu ya mavuno mwenzao aliyewatukana akaondoka. Wakataka kujua limetoka wapi. Bibi akaweka chini ungo wake wa maharage.

Methali hii ilianza hivi, akasema.

Upareni, katika kijiji kimoja cha mlimani, mpiga kengele wa kanisa aliitwa Senzighe. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye boriti, na ukiigonga kwa nyundo sauti yake huvuka bonde hadi mlima wa pili. Senzighe aliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Ng'ambo ya bonde aliishi mdogo wake, Kallaghe. Miaka miwili nyuma, Kallaghe alipewa zamu ya kulinda ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya kumwagilia. Akalewa, akalala, maji yote yakatoka. Alipoulizwa, akasema zamu ilikuwa ya kaka yake. Mahindi yakakauka, na Senzighe akatemewa mate njiani mpaka ukweli ulipojulikana. Kallaghe akahama kwa aibu. Senzighe hakulitaja tena jina lake. Aliumia, akaona ana haki ya kuumia, na kweli alikuwa nayo.

Sasa, Jumapili moja Mwinjilisti Yafeti akatangaza: "Wiki ijayo ni Meza ya Bwana. Atakayeisikia kengele na aje, hata Kallaghe. Mungu hakungoja tunawe ndipo atupende."

Senzighe akaitikia kwa kichwa, mtu mtiifu kabisa. Moyoni alijisemea: Vizuri. Atakayeisikia na aje. Basi hataisikia.

Jumapili ilipofika alizungusha matambara kwenye nyundo mpaka ikanenepa. Akagonga. Ikatoka sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Akagonga tena, akaridhika.

Waliokuja walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, wachache kama meno ya kikongwe. Mama mmoja akamtazama mpiga kengele juu mpaka chini. "Mzee Senzighe, leo umewaita mchwa?"

Kabla hajajibu, mtu alitokea bondeni akikimbia, miguu imejaa matope, shati kalivaa ndani nje. Alikuwa Kallaghe.

Senzighe akajaa mlangoni. "Nani kakuita? Kengele hukuisikia!"

"Sikuisikia, kaka." Kallaghe alikuwa akihema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Una maana gani?"

"Miaka miwili hii, kila Jumapili nakaa uani naisikiliza. Uso wa kuja kukusalimu sina, lakini ikilia najua kaka yangu mzima. Leo kimya. Nikajua umekufa." Akafuta macho kwa kiganja. "Nikasema, hata wakinifukuza, nitakuzika kwanza."

Senzighe aliitazama nyundo mkononi mwake. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa akimwita ndugu yake bila kujua, na siku aliyokusudia kumnyima wito, ndiyo siku aliyokuja ndugu yake.

"Kaka," Kallaghe akaanza, "yale maji ya ndiva..."

"Utaniambia baadaye. Kwanza nikuite."

Fundo la matambara lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Kisha akagonga, akagonga, mpaka mlima wa pili ukaitika. Watu wakateremka kutoka kila upande, wengine wanafunga vitenge njiani. Ibada ilichelewa saa nzima, na ndugu wawili walikwenda Mezani wakifuatana.

Baadaye wazee walimuuliza Senzighe imekuwaje akamsamehe mtu ambaye hajamaliza hata kuomba radhi. Akawaambia, "Nilijaribu kumwacha mmoja nje, nikaliacha nje kanisa zima. Na mimi mwenyewe nilikuwa nje."

Bibi Namkunda akarudisha ungo mapajani, akaendelea kuchambua maharage. Kisha yule kijana aliyekuwa amekataa kwa ukali kuliko wote, yeye ndiye aliyetukanwa zaidi, akainuka na kuvaa kandambili zake.

"Unakwenda wapi?" wakamuuliza.

"Kumwita," akasema. "Kengele haichagui sikio."