Jina la Binti wa Ipyana

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna karanga atafune taratibu, maana kesi hii nawaachia nyinyi.

Kulikuwa na ghala la mahindi katika mji mmoja wa nyanda za juu, mji wa baridi na ukungu. Mwenye ghala aliitwa Ambakisye, na kipaji chake kilikuwa woga. Msicheke! Aliiogopa serikali kuliko radi. Msimamizi wake, Tusajigwe, alikuwa mwanamke mwenye kipaji cha ubishi. Akisema hapana, hata umlilie, ni hapana. Wa tatu, Gwantwa, alishika kamba kwenye mlango wa juu wa kihenge, lile pipa kubwa la bati la kuhifadhia nafaka. Huyu alijaliwa mikono. Akishika kitu, kimeshikwa.

Na Ipyana? Kipaji chake ni kupenda usingizi tu. Ndiye huyu tunayemwona amekaa kitandani, amempakata binti yake mchanga. Kwao majina hayabagui mke wala mume, na baba hutoa jina moja tu, siku mtoto anapotolewa nje. Siku hiyo ni kesho. Watu hao watatu kila mmoja anangoja mtoto aitwe kwa jina lake, na Ipyana hajui achague la nani.

Tuanze na Ambakisye. Siku moja mkaguzi wa usalama kazini alikitazama kihenge, akauliza, "Mtu akiingia humu anafungwa na nini?"

Ambakisye akajikuna. "Analindwa na Mungu, mheshimiwa."

Mkaguzi hakucheka. Alisema akirudi asipokuta mkanda na kamba, ghala analifunga. Ambakisye alinung'unika wee, lakini akanunua, tena vile imara kabisa, kwa hofu tu. Kabla ya hapo watu waliingia hivi hivi.

Kisha Tusajigwe. Asubuhi moja mahindi yaligoma kushuka, yameganda juu kwa unyevu. Ipyana akapanda kwenda kuyavunja.

"Vaa mkanda," Tusajigwe akamwambia.

"Dada Tusa, mimi ng'ombe nifungwe kamba?"

"Ng'ombe ana akili. Vaa, au rudi kwenu."

"Mke wangu mjamzito, usinitie nuksi."

"Ndiyo maana nakwambia uvae!" Akamfunga mwenyewe, akakaza mpaka Ipyana akaguna, kisha akashuka kupokea lori.

Sasa Gwantwa. Sheria ilikuwa kwamba mashine ya chini, ile inayovuta mahindi kuyatoa nje, izimwe kabla mtu hajaingia. Lakini wapakuaji wana mazoea yao: huiacha ikivuta ili ganda livunjike upesi, wawahi chai. Ipyana akamnong'oneza, "Iache kidogo, kaka." Na Gwantwa, moyo laini, hakuwaambia wa chini waizime.

Ipyana akakanyaga. Palikuwa pagumu kama sakafu, kumbe chini yake mashine imeshakula, pamebaki shimo. Ganda likakatika. Ajabu ni kwamba hakuogopa. Mahindi yalimpanda magotini, kiunoni, kifuani, yana joto, yanatoa sauti ya mvua juu ya paa la nyasi. Mlango wa juu ukawa duara dogo la mwanga, linaelea. Alimwona mkewe, Subilaga, akianika nguo ndogondogo kwenye ukungu. Alisikia kicheko cha mtoto ambaye hajazaliwa. Akataka kulala. Alitaka kulala kweli, jamani, na wengi hawaamki.

Ghafla kamba ikambana kifuani.

Kule juu, Gwantwa alikuwa ameizungusha kiunoni, anapiga kelele mashine izimwe, na kamba inamchuna viganja. Damu ikamtoka, hakuachia. Mashine ilipozimwa, wenzake wakakata bati ubavuni, mahindi yakamwagika, na Ipyana akatolewa akikohoa vumbi.

Leo wote watatu wamekuja kumwona mtoto.

"Bila kamba yangu tungekuwa tumeshamaliza matanga," anasema Ambakisye.

"Uliinunua kwa kumwogopa mkaguzi!" Tusajigwe anamjia juu. "Ingekuwa inaning'inia ukutani mpaka leo, kama si mimi."

Gwantwa anaficha viganja vyake vyenye makovu, kwa sababu anajua nani aliiacha mashine ikivuta. Ipyana naye anajua nani alimwomba aiache, na roho inamuuma.

Wageni walipotoka, Subilaga akamgusa bega. "Baba Nani, kesho namtoa nje kwa jina gani?"

Ipyana anamtazama mtoto. Keshokutwa anarudi kazini, na mahindi yameganda tena. Atakapoingia, kamba ni ya Ambakisye, wa kumfunga ni Tusajigwe, na ncha ya pili imo mikononi mwa Gwantwa. Jina ni moja tu.

Haya, semeni. Mtoto huyu tumwite nani?