Maji Yako Mwisho wa Duka

Mwaka ule jua lilikaa angani kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ilikauka, mabwawa yakapasuka vipande vipande, na viboko wakawa wanatembea barabarani wakiuliza kama kuna mtu ameona tope. Katika nyika yote kilibaki kisima kimoja tu, chini ya kilima cha mawe mekundu.

Simba, mfalme wa nyika, akaitisha baraza. Alipanda juu ya jiwe, akatikisa manyoya yake ya shingoni mpaka kila mtu akayaona, kisha akanguruma, "Maji ya kisima ni bure kwa kila mnyama. Atakayeyauza nitamla. Sasa nataka mlinzi mwaminifu."

Fisi alikuwa wa kwanza kusimama. "Mfalme wangu," akasema, huku amejikinga macho kwa mkono, "manyoya yako leo yanang'aa hata kukutazama siwezi. Nipe mimi kisima nikilinde. Na maji yako nitakuletea mwenyewe nyumbani, usije ukatia vumbi miguuni."

Simba hakuwahi kumnyima kitu mtu aliyesifu manyoya yake. Fisi akapewa kisima.

Kusema kweli, Fisi hakuuza maji hata tone. Alichofanya ni kujenga duka. Lilikuwa duka kubwa la matofali, lenye paa la bati na rafu zilizopanda mpaka darini. Mlango aliuweka mbele. Kisima kikawa ndani, kule mwisho kabisa, kimegusana na ukuta wa nyuma, jirani na ghala lake. Na kati ya mlango na kisima aliacha njia moja tu, inayopinda kama utumbo. Uliingia kwenye sabuni, ukakata kona kwenye vikombe, ukarudi kwenye mafagio, ukazunguka mapazia, ukakuta sabuni tena, na kila pahali sakafuni palichorwa mshale wa kukuambia usonge mbele. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa: MAJI BURE. Chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi: kilichoshikwa kimenunuliwa.

Malipo yalikuwa chakula. Fisi hakutaka kingine.

Wanyama waliingia na vibuyu wakiwa na kiu, na kiu ikizidi akili hupungua. Nani asiyeshika kitu akizunguka kutwa nzima? Nyoka alitoka na kandambili. "Zilikuwa na punguzo," aliwaambia waliomcheka. Kiboko alinunua mwavuli, na mvua ilikuwa haijulikani ilikohamia. Kobe alitoka na hema la kulala, mgongoni amebeba nyumba yake. Huku nyuma mtama wao, asali yao na mihogo yao mikavu ikaingia ghalani kwa Fisi, na watoto wakaanza kulala njaa wamejifunika mapazia mapya.

Sungura aliwacheka wote. "Mimi," alimwambia mkewe, "nitaingia na kibuyu nitoke na kibuyu."

Alirudi jioni. Mkononi alishika kibuyu cha maji, na kwapani alibana pasi ya mkaa. Nyuma yake alifuata Fisi na gunia tupu.

Mkewe akasimama mlangoni. "Baba Chepe, nilikutuma maji. Hiyo nini?"

"Pasi, mama Chepe."

"Pasi. Na sisi hapa tunavaa nini cha kupigwa pasi?"

Sungura akatazama chini. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyotokea. Alikuwa amepotea, amepita kwenye pasi zile mara nyingi mpaka akaziona kama ndugu, na mwishowe aliigusa moja, kuisalimu tu.

"Shemeji," Fisi akasema kwa upole, "kilichoshikwa kimenunuliwa. Naona pale pembeni mna karanga."

"Hizo ni za mbegu!" mama Chepe akalia. "Mvua ikinyesha tutapanda nini? Tupande pasi?"

Fisi akacheka kama anavyocheka Fisi, akamimina karanga zote guniani, akaenda zake. Watoto wakawa wanamtazama baba yao. Sungura alikuwa amezoea kutazamwa na watoto wake kama mtu mwenye akili. Usiku ule hakuweza kuwatazama machoni.

Asubuhi alirudi dukani. Hakuwa na kibuyu.

"Bwana Fisi," akasema, "duka ni zuri, lakini unaliendesha gizani. Unajua wateja wako wanapenda duka lipangwe vipi?"

"Najua ninavyopenda mimi."

"Basi ndiyo maana wengine wanatoka na kitu kimoja tu. Niache nisimame hapa mlangoni niwaulize. Nikijua wanachopenda, vikapu vitajaa. Siku vikijaa, unirudishie karanga zangu."

Fisi akafikiri. Maneno kuhusu karanga hayakumsumbua, kwa kuwa hakuwa na nia ya kuzirudisha. Lakini neno "vitajaa" lilimwingia masikioni likashuka moja kwa moja tumboni. "Uliza," akasema.

Sungura akauliza.

"Mimi nataka kila kitu kiwekwe juu," Twiga akasema. "Siinami mimi. Na maji yawe mlangoni."

"Chini kabisa," Kobe akasema. "Na viti vya kupumzikia. Mwaka huu nimeanza kwenye vikombe nikiwa na afya njema, nimefika kwenye mafagio nikiwa mzee. Mke wangu keshanikalia matanga. Maji yawe mlangoni."

Ngiri akasema yeye hajui kukata kona. Akishaanza kukimbia hukimbia, na ndiyo maana rafu ya vikombe ilikuwa imejengwa upya mara kadhaa. "Njia inyooke," akasema, "na maji yawe mlangoni."

Nyoka alisema njia ilivyo inamfaa sana, anaipenda, ila maji yawe mlangoni.

Jioni Sungura akamwendea Fisi kwenye kaunta. "Nimewauliza wote. Wanagombana juu ya kila kitu isipokuwa kimoja. Wote wanataka maji yawe mlangoni."

Fisi akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Wanywe waondoke! Hayo ndiyo maoni uliyoniletea?"

"Ngoja," Sungura akasema. "Hayo ni ya midomo yao. Mimi niliitazama miguu yao pia. Mteja aliyenyooka anashika kitu kimoja. Aliyepotea anashika viwili. Aliyepotea mpaka akakata tamaa anashika chochote, hata ndoo iliyotoboka. Sasa fikiria, Bwana Fisi, mtu amekiona kisima. Anasikia harufu ya maji. Anainua kibuyu chake. Halafu mshale unamwambia: bado, zunguka tena."

Fisi akaanza kudondosha mate. "Azungukie wapi? Duka limejaa."

"Hilo ndilo tatizo," Sungura akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyeshindwa. "Nyuma ya kisima kuna ukuta. Pasingekuwa na ukuta, rafu zingeendelea nje mpaka chini ya kilima, zikazunguka, zikarudi. Lakini ukuta upo. Basi, tuache tu."

"Tuache nini? Ukuta ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi nauvunja!"

"Utahitaji siku za kufunga duka ujenge ukuta mwingine kule mbele."

Fisi akakunja uso. Kufunga duka! Ni sawa na kufunga mdomo, na mdomo wa Fisi haukuwahi kufungwa. Akazunguka kaunta, akarudi, akapiga meza. "Hatufungi. Na ukuta mpya wa nini? Matofali hayohayo tutajengea rafu mpya. Ukuta hauuzi kitu, Sungura. Rafu ndiyo inauza!"

Sungura akauma mdomo wake, ule uliopasuka, ili kicheko kisipite. Hakutegemea kusaidiwa kiasi kile. Aliona afadhali aulize, asije akalaumiwa baadaye. "Na watu wakiingia kwa nyuma?"

"Kwa nyuma?" Fisi akamtazama kwa huruma. "Mlango uko mbele, ndugu yangu. Duka huingiwa mlangoni. Ulikwenda shule gani wewe?"

Ndovu akaitwa. Ndovu alikuwa na hasira zake za siku nyingi, kwa sababu aliwahi kukwama kati ya sabuni na vikombe, na ili atoke ilibidi anunue vyote viwili. Alipoambiwa avunje ukuta hakuuliza malipo. Aliusukuma kwa paji la uso mara moja, ukalala. Mwanga ukaingia ndani, ukaangaza kisima, na upepo wa kilimani ukayachezea maji.

Fisi hakutazama maji. Alikuwa ameshika chaki anachora mishale.

Kutoka hapo Sungura alikwenda kwa Simba.

"Mfalme uishi miaka mingi," akasema. "Kesho Fisi anafungua duka lake lililopanuliwa. Nyika nzima itakuwepo. Watu wanauliza kama na wewe utafika kuona jinsi anavyoyalinda maji yako, nami nimewaambia bila shaka utaingia kwa mlango mkuu, peke yako, bila kuonyeshwa njia."

"Mimi kuonyeshwa njia?" Simba akasema. "Katika nchi yangu?"

Na asubuhi Simba akaingia kwa mlango mkuu, peke yake. Fisi akainama mpaka pua ikagusa sakafu. "Karibu Mfalme. Nikupeleke?"

"Ondoka mbele yangu," Simba akasema, akafuata mshale wa kwanza. Baada ya muda mngurumo wake ulisikika kwenye mafagio. Kisha kwenye vikombe. Kisha kwenye mafagio tena, ukiwa na hasira zaidi.

Fisi alisimama mlangoni akiwangoja wateja. Hakuja mtu. Akangoja. Njia ilikuwa nyeupe mpaka upeo wa macho. "Labda wamelala," akajiambia. Ndipo akasikia, kwa mbali, upande wa nyuma ya rafu, sauti ambayo mwenye duka hapendi kuisikia kama hajaona mtu akiingia. Ilikuwa sauti ya watu wengi wakinywa maji.

Wanyama wote walikuwa wamepita kilimani. Mama Chepe aliwaongoza, watoto wake nyuma yake. Walishuka taratibu kwa mstari ulionyooka, wakapita penye uwazi kati ya rafu mpya, wakafika kisimani bila kukata hata kona moja. Ngiri alikimbia moja kwa moja akatumbukia, na alifurahi sana. Sungura alisimama pembeni akimtazama mwanawe Chepe akinywa mpaka masharubu yakalowa.

"Wezi!" Fisi akapiga kelele kutoka mbele, akaanza kukimbia. Lakini alikuwa amezipanga rafu upya alfajiri ile ile ili wateja wapotee zaidi, na kwa haraka yake akafuata mishale yake mwenyewe. Akapita sabuni, akapita vikombe. Alisikia watu wakicheka upande wa pili wa rafu, karibu hata angeweza kuwagusa, na mshale ukamwambia azunguke. Akazunguka. Akakuta sabuni.

"Bwana Fisi," Sungura akamwita kutoka kisimani, "mlango wa ghala lako nao uko wazi. Ulishikizwa kwenye ule ukuta. Tunachukua kilicho chetu!"

"Msishike! Kilichoshikwa—"

"Kimerudi," mama Chepe akamalizia, akanyanyua gunia la karanga.

Kila mmoja akatambua mtama wake, asali yake, mihogo yake. Walipokuwa wanafunga magunia, rafu ya mapazia ikaanguka kwa kishindo na Simba akatokea juu yake. Manyoya yake yalikuwa yamejaa vumbi la chaki. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na pazia, kitana, ungo, na ndoo iliyotoboka. Kiu ilikuwa imemkausha ulimi.

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa Twiga aligeuza shingo akatazama mbali sana.

Simba akatazama kikapu, kisha akamtazama Sungura. "Mimi," akasema polepole, "naishi nyikani. Sina nyumba. Sina dirisha. Kwa nini nimenunua pazia?"

"Ulipotea, Mfalme wangu."

"Simba hapotei."

"Basi ulichelewa kufika."

Simba akakubali hilo. Akainama, akanywa maji kwa muda mrefu, akainua kichwa. "Na hivi ndivyo raia wangu walivyokuwa wanapata maji yangu ya bure?" Hakungoja jibu. Akanguruma jina la Fisi, na bati zikatetemeka paani.

Fisi aliposikia hakwenda. Alikimbilia kona za ndani zaidi, akizunguka huku anahema, na kila alipotafuta mlango wake alikutana na rafu aliyoijenga kwa matofali ya ukuta wake. Njaa ilimpata humo. Kwa kuwa hakuweza kukaa na njaa, alikula sabuni. Hatimaye alitokea upande wa kilimani akitoa povu mdomoni na puani, akapiga chafya, na kila chafya ikatoa mapovu makubwa yaliyopaa angani. Simba alinyanyua mguu ampige, akasita, akaushusha. Hata mfalme ana vitu asivyotaka kuvigusa.

"Nenda," akamwambia. "Na usionekane tena karibu na kisima hiki."

Fisi akaenda nyika za mbali, bila duka, bila ghala, bila hata gunia tupu. Ndovu akazilaza rafu zilizobaki. Kisima kikakaa wazi, kila mtu akakifikia kwa njia aliyoipenda, na Kobe peke yake ndiye aliyeomba pawekwe viti.

Mtaka yote hukosa yote.