Gari la Sultani Lisiloitika

Palikuwa na sultani, Harubu jina lake, ambaye hakutaka kuambiwa asilolipenda. Paa la jumba likivuja, aliyesema linavuja ndiye aliyepigwa bakora. Watu wakazoea. Mvua ikinyesha sebuleni, walifungua miavuli na kusifu ubaridi.

Sultani huyu alikuwa na gari jeusi, refu kama jeneza la tajiri. Siku moja likagoma kuwaka. Kila fundi aliyeletwa alichomeka mashine ya kupimia, na mashine ikatoa namba ileile ya kosa: kompyuta ya injini inaitwa na kompyuta wenzake, haijibu. Wakabadilisha kompyuta, wakaondoka mbio kabla hawajaulizwa neno. Gari kimya.

Ndipo akaitwa Vuai, fundi mwenye karakana ya mabati nyuma ya soko, na ulimi uliomponza mara nyingi kuliko ulivyomlisha. Naye akapima. Namba ikawa ileile.

"Yaani injini inaitwa, haiitiki!" Sultani alifoka. "Katika nchi hii nikiita mimi, hata maiti huitika. Huo ni utovu wa adabu. Iitike kabla ya adhana ya alasiri, ama karakana yako naivunja, nijenge banda la tausi."

"Tausi gani, Maulana, atakubali kuishi pale? Pananuka grisi."

"Tausi wangu hukubali."

"Hilo naliamini. Hapa kila mtu hukubali."

Watumishi wakatazama vidole vya miguu yao. Vuai akajipenyeza chini ya dashibodi, akafungua kifuniko, akaona. Nyaya zinazopeleka habari kutoka kompyuta hii hadi ile zilikuwa zimekatwa, vizuri kabisa, kwa mkasi. Akachungulia nje. Waziri Jabu, aliyesimama karibu, akaanza kuchunguza mawingu. Tusimlaumu sana, woga nao ni kazi, mtu hujifunza mpaka akafuzu.

Vuai akawaza. Waziri huyu hakati hata ukucha bila kutumwa. Akilisema, bakora. Akilinyamazia, tausi.

Akatoka akifuta mikono. "Maulana, hili halitaki bisibisi. Hili ni kesi. Naomba hukumu."

Sultani alipenda kuhukumu kuliko kula. Akaketi, akamwita mpiga siwa, lile baragumu la kifalme. Maana katika mji ule hukumu ikishapigiwa siwa hairudi, hata aliyeitoa hawezi kuimeza.

Vuai akachukua kitambaa chake cha grisi, akamfunga askari mmoja mdomo. "Muulize jina lake, Maulana."

"Wewe, jina lako nani?"

"Mmm."

"Maulana, huyu hana adabu?"

"Mjinga wee! Si amefungwa mdomo?"

"Basi kosa ni la nani?"

"La aliyemfunga."

"Na aliyemfunga akiwa ametumwa?"

"La aliyemtuma. Hilo nalo la kuuliza?"

"Sasa huyo aliyemtuma akaja mwenyewe, akamuuliza huyu maswali, akakasirika hajibiwi. Mtu huyo tumwiteje?"

Sultani akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mpumbavu! Punda ana nafuu. Mtu wa namna hiyo hastahili kupanda chochote. Atembee kwa miguu mpaka akili imrudie!"

"Na waliotishwa kwa sababu ya ukimya huo?"

"Waachwe na vyao. Piga siwa!"

Siwa ikalia. Mji mzima ukasikia.

Vuai akageuka taratibu. "Mheshimiwa Waziri, chini ya dashibodi kuna nyaya zimekatwa. Nani kazikata?"

Waziri Jabu akamtazama Vuai, akamtazama mpiga siwa. "Mimi. Taa ya onyo ilikuwa ikiwaka. Maulana akaniambia, 'Lizime hilo jicho la njano linalonikodolea.' Nami nikalizima."

Askari aliyefungwa mdomo alishukuru Mungu kwa kile kitambaa. Sultani akainuka, mashavu yamemwiva.

"Fundi! Umethubutu kuniita mimi mpumbavu?"

"Hasha, Maulana," alisema Vuai, akikunja waya wa mashine yake. "Mimi nimepima gari tu. Mwenye gari umempima wewe."