Kwa Nini Kwetu Hatusemi Amina Kabla ya Kuuliza Maana

Mkwe wangu Mwalimu Hyera, kaa kwanza. Usichukue kofia yako. Umeinua bilauri mbele ya watu wote, ukasema kwa sauti nzuri, "Ad multos annos!" ukangoja makofi, na upande wa bibi harusi mzima ukakujibu, "Maana yake?" Umeona tumekudhihaki. Hatukukudhihaki. Hiyo ni mila yetu sisi watu wa hapa Changarawe, na kwa kuwa leo mnamchukua mjukuu wangu, ni haki yenu kujua ilianzaje. Tena tangu asubuhi mnaniita Bibi Nulia, Bibi Nulia, wala hamjui mnachosema. Hilo nalo nitawaeleza.

Zamani watu wetu walikuwa wepesi wa kuitikia kuliko watu wote wa nchi hii. Tulikaa chini kule, kwenye bonde la Lihanga, mnaloliona kutoka hapa limejaa kahawa. Tulilima miteremko yake kwa ngolo, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua ili udongo usiteremke mtoni, na maharagwe yalitushinda kuvuna. Wafu wetu tuliwazika nyuma ya nyumba, karibu, ili wasikie watoto wakicheza.

Kanisa letu lilikuwa la nyasi na misa ilikuwa ya Kilatini. Padre akisema "Dominus vobiscum," tulijibu "Et cum spiritu tuo" kwa nguvu mpaka kuku wa nje wakakimbia. Hatukujua tunajibu nini. Tulijua kwamba ni maneno matamu mdomoni, na kwamba Mungu anayaelewa. Hata watoto tuliwapa majina kutoka humo, Deogratias, Redempta, Gaudensia, kwa kuyasikiliza tu yanavyolia.

Aliyetufundisha kuitikia alikuwa katekista Severini Kinunda, baba yangu mzazi. Alikuwa na kanzu nyeupe moja, aliyoifua mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu, na alikuwa na misa nzima kichwani, neno kwa neno, bila kitabu. Nasema hili kwa uchungu, maana nilimpenda: baba yangu alikuwa radhi apigwe viboko kuliko kusema "sijui" mbele za watu.

Mwaka ule padre aliugua akarudishwa kwao Ulaya, tukabaki na baba peke yake. Ndipo akaja mzungu mpimaji na minyororo yake. Hakugombana na mtu. Aliomba maji, akashukuru, akatembea bonde zima siku nne, na siku ya tano akasimamisha jiwe penye kivuko. Jiwe lile lilichongwa maneno mawili: TERRA NULLIUS.

Baba alimwuliza, "Bwana, hiki ni Kilatini?" Mpimaji akacheka kidogo, akasema ndiyo, ni Kilatini, kisha akafunga mizigo yake akaenda zake.

Watu wakajaa penye jiwe. Kilatini! Lugha ya altare, imechongwa kivukoni kwetu! Wengine walipiga magoti pale pale kwenye tope. Mama yangu, Kandida, alikuwa na mimba yangu, naye ndiye peke yake aliyemwuliza baba, akimwita kwa jina la kaka yangu. "Baba Deo, maana yake?"

Na baba hakujua. Neno la kwanza alilijua, maana lipo katika utukufu wa misa, pale tunapoimba amani duniani. Terra ni ardhi. La pili hakuwahi kulisikia. Angesema tu kwamba tumngoje padre, mimi leo ningekuwa nawaozesha mjukuu wangu bondeni, kwenye uwanja wa babu zake. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Akanyoosha kanzu, akasema, "Ardhi ya Mtakatifu Nuliusi." Mama akauliza tena, huyo Nuliusi ni mtakatifu wa wapi, mbona hatujamsikia. Baba akamkatiza kwa maneno ambayo kwetu kila mtoto anayajua hadi leo: "Kilatini hakiulizwi maana. Kinaitikiwa."

Basi tukaitikia. Tulilipaka jiwe chokaa. Tuliliwekea maua. Wanawake waliovuka kwenda kuteka maji walilisalimu, na wimbo wa kubembeleza watoto ukapata jina jipya ndani yake. Nilipozaliwa, baba alinibatiza mwenyewe kwa maji ya kivuko kile, akanipa jina la msimamizi wetu mpya. Nulia. Mimi ndiye wa kwanza duniani kuitwa hivyo, na nadhani ndiye wa mwisho.

Nilikuwa sijaota meno Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kufanya baraza. Alileta meza, karani na mkalimani. Ilikuwa mchana, jua kali, na watu walikuja wamevaa nguo za Pasaka. Wengi wamenisimulia siku hiyo, na wote husimulia wakiangalia chini. Bwana Shauri aliuliza swali moja tu, mkalimani akalitoa kwa Kiswahili safi: "Ardhi hii ni ya nani?"

Baba alisimama. Angeweza kusema ni yetu. Angeweza kuonyesha makaburi, ngolo, miti aliyoipanda babu yake. Lakini alitaka kumwonyesha mzungu kwamba sisi si washenzi, kwamba tunajua lugha ya wakubwa. Akainua mikono kama yuko altareni, akaimba, "Terra!"

Na bonde zima likaitikia, "Nullius!"

Bwana Shauri aliacha kuandika. Alimtazama baba, akawatazama watu. Akauliza mara ya pili, tukaitikia kwa nguvu zaidi. Wanasema hapo uso wake ulibadilika, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuonya, kisha akaufunga. Huyo naye sijamsamehe. Alimwambia karani aandike kwamba wenyeji wenyewe wamekubali kwa kauli moja, akakunja meza yake. Tulimsindikiza kwa nyimbo.

Baada ya mavuno walikuja askari. Tulipewa siku tatu. Ngolo zilisawazishwa kwa plau, na juu ya makaburi wakapanda miche ya kahawa. Sisi tukapandishwa hapa kwenye changarawe, ambapo hata magugu huota kwa kusitasita.

Padre aliporudi kutoka kwao alitukuta hapa, tumekaa katikati ya vyungu na mikeka. Baba alimpigia magoti. "Padre, nenda ukamwambie Bwana Shauri arudishe ardhi ya Mtakatifu Nuliusi."

"Mtakatifu gani?" padre akauliza.

Baba akamtajia maneno yote mawili ya jiwe. Padre akakaa chini pale pale, juu ya mawe. Akasema taratibu kwamba nullius si jina la mtu. Maana yake ni "ya hakuna mtu". Ardhi isiyo na mwenyewe. Hiyo ndiyo kauli tuliyoipaka chokaa na kuiwekea maua, na ndiyo tuliyomjibu Bwana Shauri mara mbili.

Baba aligeuka akaniangalia mgongoni kwa mama. Padre akasema jina la mtoto linaweza kubadilishwa, si vigumu. Mama akakataa. "Mwacheni nalo," akasema, "ili Baba Deo aliite kila siku." Na baba aliliita kila siku, kwa miaka kumi na miwili, na kila alipoliita sauti yake ilipungua.

Alipokuwa anakufa, alasiri, nyumba ilijaa. Padre alimsimamia akaanza ile sala ya kuagiza roho: "Proficiscere, anima christiana, de hoc mundo." Watu wakavuta pumzi waitikie amina. Baba akainua kidole. "Maana yake?"

Padre alisita, akamwambia kweli. "Ondoka, ewe roho ya Mkristo, utoke katika dunia hii."

Baba alicheka, kicheko kibaya, cha kifuani. "Kumbe hata hapa nahamishwa," akasema. Padre akaendelea na sala, na amina haikutoka. Kila alipofika mwisho wa sentensi, mama yangu aliuliza, "Maana yake?" Na padre akaeleza, moja baada ya moja, mpaka jua likazama na baba akawa ameshakata roho.

Na tangu siku hiyo, kwetu hatuitikii kitu bila kuuliza. Awe padre, awe mgombea kura, awe daktari na karatasi yake, awe mkwe mwenye bilauri. Anayeona ni utovu wa adabu na aone.

Umeshatuambia, Mwalimu, kwamba neno lako maana yake ni miaka mingi. Vizuri. Tumeelewa, na sasa tutaitikia. Ila kabla hujainua bilauri, nina ombi. Najua mila: huyu binti akizaa msichana, mtampa jina la bibi. Msimpe. Bonde walilichukua tukiwa tunaimba. Jina hili nitaondoka nalo mwenyewe.