Siku Kiboko Alipojiombea Wimbo

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Wa nyuma, mmelala?"
"Tu macho!"
"Basi nipeni masikio, midomo mbaki nayo. Mkiona nimesema uongo msinikatize, upo mwingine njiani unakuja."

Kulikuwa na bendi ikiitwa Matope Matamu. Nyani akipiga gitaa, Kobe akipiga ngoma, na Chiriku, ndege asiyejaa kiganja, ndiye mwimbaji. Mwenye bendi alikuwa Kiboko, na kazi yake ilikuwa kulala. Wimbo wa kwanza, koroo! Wimbo wa pili, koroo! Ukifika ule wa "Nipishe Niote Jua," wanyama wanainuka kumtuza Chiriku, huyu na ndizi, yule na mhogo. Hapo Kiboko anaamka, anakula tuzo zote, analala tena.

Chiriku akachoka kuimba na njaa. Akajitoa. Ikatangazwa kwamba Ijumaa alasiri ataimba peke yake, pale penye miamba.

Kwenye miamba hiyo akikaa Bi Pimbi, mjane, mnyama mdogo wa kukaa kwenye kapu. Wimbo ule wa "Nipishe Niote Jua" ulipigwa siku ya harusi yake. Mumewe alichukuliwa na tai, mchana kweupe, akiota jua. Kulia Bi Pimbi alishamaliza. Alichotaka ni kuusikia ule wimbo mara moja tena, kwa sauti ile ile, maana Nyani alijaribu kuuimba na watu wakamwomba awaonee huruma watoto.

Ijumaa ikafika. Kiboko naye akafika, na mzigo wa miwa, akakaa mbele kabisa.

"Sikilizeni!" akanguruma. "Nyimbo za bendi ni zangu. Atakayeuomba wimbo wangu, nitamkalia! Atakayeuimba bila kuombwa, nitamkalia!"

Desturi ya kwao ni hii: anayemtuza mwimbaji ndiye anayechagua wimbo, na mwimbaji hana ruhusa ya kukataa. Lakini nani atatuza ili akakaliwe?

Chiriku akaimba wimbo mpya. Tiri-tiri-tiri! Watu wakakunja mikono. Kiboko akatafuna, kwachu, kwachu.

Akaimba mpya mwingine. Tiri-tiri-tiri! Watu wakatazama kucha zao. Kiboko, kwachu, kwachu.

Bi Pimbi akaona jua linashuka na Chiriku anakwisha sauti. Akajipenyeza hadi kwenye sikio la Kiboko.

"Shikamoo, babu."
"Marahaba. Sogea, unanizibia upepo."
"Mimi huyu nizibe upepo wako? Nimekuja kwa uchungu tu. Kule nyuma wanakusema."
"Wanasema nini?"
"Ah, mimi si mmbea."
"Sema!"
"Basi usinitaje. Kifaru anasema mkono wako unajua kupokea tu. Anasema leo yeye ndiye atakayemtuza Chiriku, mbele yako, watu wajue nani mkubwa."

Kifaru masikini alikuwa kajilalia, hajasema hata neno.

"Kifaru? Yule mwenye ngozi ya magunia?"
"Mimi nilimjibu, babu yangu ana miwa pale, anangoja wakati wake. Wakacheka sana."

Kiboko akainuka. Du! Du! Du! Akaubeba mzigo wote wa miwa, akaubwaga mbele ya Chiriku, pwaa! Akageuka kuwatazama watu, kifua mbele.

"Ahsante, mkubwa," akasema Chiriku. "Desturi yetu unaijua. Nikuimbie upi?"

Kiboko akafungua kinywa. Akakifunga. Akakuna tumbo. Miaka yote ile bendi ni yake, na nyimbo zote alizilalia, isipokuwa ule mmoja uliokuwa ukimwamsha kula.

"Jamani, mwenye bendi hajui nyimbo!" Kobe akapaza sauti.
"Nani hajui? Piga... piga 'Nipishe Niote Jua'!"

Watu wakalipuka, wee! Chiriku hakungoja Kiboko akumbuke aliyoyatangaza.

*Nipishe niote jua, mwenzio nimelowana,*
*Nusu ya jiwe chukua, tusije kugombezana.*

Kiboko akasimama katikati, anahesabu vidole. Aliyeuomba ni nani? Ni yeye. Amkalie nani? Akajizungusha kujitafuta, du, du, du, mara ya tatu akaanguka kifudifudi. Watu wakagawana miwa. Kwachu, kwachu, uwanja mzima.

Na Bi Pimbi? Alipanda kwenye jiwe lake, akakaa upande mmoja, ule mwingine akauacha wazi. Ubeti wa tatu Chiriku aliusahau. Bi Pimbi akamtajia kutoka pale juu, neno kwa neno, bila kukosea.

Jioni jirani yake Kicheche akamuuliza, "Shoga, kaimba vipi?"

"Kanenepa," akasema Bi Pimbi. "Na bila ngoma sauti imekuwa nyembamba. Lakini nimeusikia mpaka mwisho." Akaingia ndani, akalala upande wake.

Hapo ndipo nilipowaacha. Ikiwa tamu mezeni, ikiwa chungu mtemee jirani.

Na funzo lake, wanangu, mlishike. Waheshimuni wenye bendi. Msiseme uongo, na msichonganishe wakubwa. Bi Pimbi alifanya yote hayo, akapata alichotaka, akalala usingizi mzuri. Mmeona ubaya wake?