Furungu Lililotoka Jekundu

Wametusimulia wakale, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mjane mcha Mungu akiitwa Bi Mwanashee. Kazi yake ilikuwa kusafisha nyumbani kwake mapambo ya fedha ya maharusi. Alichekecha jivu la makumbi ya nazi, akalikanda kwa maji ya ndimu, kisha akasugua taratibu kwa kitambaa huku akimsalia Mtume. Watu walimkabidhi mali zao bila shahidi, na uaminifu huo ndio uliomlisha.

Siku moja jirani yake, Bi Hidaya, akamletea mafurungu mawili ya fedha, ayavae binti yake miguuni siku ya harusi. Yalikuwa meusi kama chungu.

"Ya mama haya," alisema. "Miaka yote kakataza yasisafishwe, na sababu hasemi. Leo nimeyachukua kimyakimya."

Bi Mwanashee akastaajabu. Mwanamke gani hataki fedha yake ing'are? Nanyi mnaonisikiliza mngetaka kujua, msijitie kutojali! Akasugua la kwanza, likatoka jeupe. Akasugua la pili, likatoka jekundu. Akalisuuza, akalitazama tena. Lahaula! Lilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu.

Nani angeamini kwamba hakulibadilisha? Shoga yake Bi Radhia, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, akamnong'oneza, "Lipake masizi, ulirudishe lilivyokuwa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mbele ya Mola wangu nitapaka masizi gani?" akajibu Bi Mwanashee.

Akayapeleka yote mawili kama yalivyo. Bi Hidaya alipoyaona, alipiga ukelele uliokusanya mtaa. "Mwizi! Umekula fedha ya mama yangu!"

"Wallahi sikulibadilisha. Ndivyo lilivyotoka," alisema Bi Mwanashee. Machozi yakamdondoka, na watu waliokuwa wakimwamini jana wakimtazama kwa jicho baya.

Ndipo ikasikika sauti ya mama yake Bi Hidaya, ajuza aliyekuwa hoi kitandani. "Mwacheni! Nileteeni hilo furungu."

Akalipapasa, akashusha pumzi. "Mwaka wa njaa niliuza la fedha, nikanunua mtama, nikawa nauacha milangoni mwa watu kabla hawajaamka. Sikutaka ajue yeyote ila Allah. Sonara akanifulia hili la shaba, akalipaka fedha. Nami nikakataza lisisuguliwe."

"Mama, umeificha siri miaka yote hiyo, mbona unaitoa leo?"

"Siri yangu na Mola wangu ilikuwa tamu, mwanangu. Lakini siwezi kuifunika kwa heshima ya mwanamke wa watu."

Vichwa vikainama, kwani wengi pale walikuwa wamekula mtama ule. Bi Hidaya akamwangukia Bi Mwanashee miguuni akilia, akamwomba radhi, naye akamsamehe. Bibi harusi akakataa katakata kutafutiwa furungu jingine. Alitoka na jeupe mguu mmoja, jekundu mguu wa pili, tena hilo jekundu akalisugua mwenyewe.

Basi, ndugu zangu, mmoja aliachilia jina lake jema asiseme uongo, na mwingine akaitoa siri ya sadaka yake asimwache mwenziwe adhulumiwe. Mola atujaalie walau nusu ya imani yao. Na wewe, kabla hujamwita mtu mwizi, kamuulize kwanza mama yako.