Mama Mfuaji na Kalamu Nyekundu

Ndugu zangu, kabla sijaifunga Biblia hii, nipeni dakika chache niwaeleze habari za mama mmoja mfuaji. Jina lake tuliache. Kila mmoja wenu anaweza kumpa jina analotaka, hata la kwake mwenyewe.

Mama huyu alikuwa akifua nguo za wachimbaji katika kambi moja ya machimbo. Miaka tisa alifua. Na mnajua mfuko wa suruali ya mchimbaji una nini: ugoro, msumari, tiketi ya bahati nasibu na vipande vya mawe. Si vito vya thamani, maana hivyo hakuna anayevisahau mfukoni. Ni mawe ya rangi tu, mengine ya kijani, mengine ya kahawia yenye mistari. Alipomrudishia mwenyewe aliambiwa, "Tupa tu, mama, hiyo takataka." Hakutupa. Aliyapeleka nyumbani, akaanza kuyasugua juu ya tofali, kisha kwa msasa, kisha kwa kipande cha ngozi. Siku alipoliona jiwe la kwanza limeng'aa mpaka linamwonyesha uso wake, alikaa chini pale uani akacheka peke yake.

Tangu hapo ikawa ndiyo starehe yake. Kambi ilipotupa mashine moja ya kufulia iliyoharibika, aliomba ile mota, na mumewe, dereva wa trekta, akamfungia gurudumu la kukatia. Sasa akawa anakata, anachonga, anang'arisha. Kila mgeni aliondoka na jiwe mkononi, na kila aliyepewa alisifu. "Lo, una mikono ya malaika!" Hata mchungaji wake alipewa moja, akalifanya la kuzuia karatasi zisipeperuke, akatangaza kanisani kwamba hakuna fundi kama yule mama. Sisi wachungaji tena, kwa kusifu vya bure hatujambo!

Je, kuna mtu humu ndani asiyependa kusifiwa?

Basi, mwaka wa kumi kambi ikaleta mashine kubwa za kufulia, na mfuaji akaambiwa asante na kwaheri. Na ana watoto wawili wa kulipiwa ada shule ya bweni. Siku ya nne akamwambia mumewe, "Nitauza mawe." Akatoa meza mbele ya nyumba, akayapanga, akaandika bei kwenye vikaratasi. Wakapita walewale waliokuwa wakimsifu. Mmoja alishika jiwe, akasoma bei, akaliweka chini taratibu. "Ee shoga, kwani mawe si yamejaa tu barabarani?"

Wiki tatu hakuuza hata moja. Wengi wetu hapo tungekunja meza. Yeye alichagua mawe ishirini, yale yaliyosifiwa kuliko yote, akayafunga kwenye kanga, akapanda lori la mnadani mpaka mjini kwa sonara.

Sonara huyo alikuwa mtu mkavu, na sikio moja kaliziba kwa pamba. Hakumwuliza habari za safari. Aliweka lenzi jichoni, akachukua kalamu ya nta nyekundu, akawa anageuza jiwe baada ya jiwe na kuweka alama. Hapa kuna mkwaruzo. Hapa umepafanya bapa. Ukingo huu umepinda. Mawe kumi na tisa yalipata alama. La ishirini hakuliwekea kitu, na mama moyo ukamruka kwa furaha.

"Hilo zuri, eh?" aliuliza.

"Hilo limepasuka kwa ndani. Nitaweka alama ya nini?"

Mama alihisi uso unamwaka. "Fundi, miaka yote hii watu wamekuwa wakiyasifu mawe haya."

"Waliyanunua?"

Mama akaanza kuyakusanya mawe yake mezani.

"Kajaribu tena," sonara akasema, akamrudishia kanga yake.

Alifika nyumbani amevimba kwa hasira. Mumewe akamwambia, "Mama watoto, achana naye. Mtaa mzima unakusifu, yeye mmoja ana nini?" Maneno matamu hayo, na yalitoka kwa mtu anayempenda. Lakini yule mama alilitoa jiwe moja kwenye kanga, akaligeuzageuza kwenye jua mpaka akauona ule mkwaruzo uliowekewa alama. Ulikuwepo. Ulikuwepo siku zote, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Ana macho," alimjibu mumewe. Akawasha mota.

Baada ya mwezi alirudi mjini na mawe ishirini mengine. Alama kumi na nne. Mwezi uliofuata, tisa. Safari ya nne akaenda kifua mbele, akatoka na alama kumi na moja! Alitamani ayatupe yote mtaroni. Ngozi ya vidole imemchubuka, vumbi la mawe limemkalia kooni, na nauli anaipata kwa kuuza kuku zake mmoja mmoja. Alisimama mlangoni kwa sonara, machozi yanamlengalenga, akasema, "Fundi, niambie ukweli. Unanichukia?"

Yule bwana akaivua lenzi. "Ningekuchukia, mama, ningekusifu. Ungeenda zako unafurahi, na usingeuza jiwe mpaka unazeeka."

Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akauliza, "Hii ya ukingo nafanyaje?" Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sonara akavuta kiti cha pili, akamwonyesha namna ya kushika jiwe.

Miezi ikaenda. Alama zikawa tano. Zikawa mbili. Kisha siku moja sonara akampa kazi: mkufu wa bibi harusi, mawe ishirini ya kijani, ukubwa mmoja, rangi moja. "Harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Ukileta ishirini nzima, nitakuwa nakupa kazi kila mwezi. Likipungua moja tu, nampa mtu mwingine kazi yote, maana siwezi kumvalisha bibi harusi mkufu wenye pengo."

Kila mmoja wetu anaijua siku ya namna hiyo, siku ambayo ukipita umepita, ukianguka umeanguka na nyumba yako.

Jumatano ya wiki ya harusi akaenda na mawe yake. Sonara akaweka lenzi, akachukua kalamu nyekundu. La kwanza, kimya. La tano, kimya. La kumi na mbili, kimya. Mama amesimama, hata kupumua anaogopa. Mpaka la ishirini, kalamu haikugusa jiwe. Sonara akaiweka chini, akafungua mtoto wa meza kutoa pesa.

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mngesema aleluya, mkapokea, mkaondoka.

Yule mama alinyoosha mkono juu ya meza, akalitoa jiwe moja katikati ya wenzake, akalifumbata.

"Hili sikupi," akasema.

"Lina nini?"

"Lina mstari."

"Mimi sijauona."

"Hata mimi sikuuona nyumbani. Nimeuona sasa hivi, ulipoligeuzia dirishani."

Sonara akalichukua, akaliinua kwenye mwanga, akalipindua huku na huku kwa muda mrefu. Ndiyo. Mstari mwembamba kama unywele, kando kabisa. Akamtazama yule mama. "Unajua umebakiwa na kumi na tisa?"

"Najua."

"Na unajua nilisema nini?"

"Najua, fundi. Harusi ni Jumamosi, na leo ni Jumatano. Nipe mpaka kesho. Nikishindwa, wape wengine, sitalalamika. Ila hili halitavaliwa na mtoto wa mtu kwa jina langu."

Akarudi na lori lile lile. Alhamisi alfajiri mota ilikuwa inanguruma. Jiwe la kwanza likavunjika kwenye gurudumu. La pili rangi ikakataa kulingana na mengine. La tatu likakubali. Alilifunga kwenye leso, akafika mjini sonara akiwa anataka kufunga. Akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua moja, akangojea kalamu nyekundu kama alivyozoea.

Sonara alilichukua lile jiwe akaliweka moja kwa moja pamoja na yale kumi na tisa. Lenzi hakuigusa.

"Fundi, hutaliangalia?"

"Jana nimekuona unavyoangalia," akasema. "Inatosha. Nenda kafungue duka."

Ndugu zangu, sisi tumekusanyika hapa leo, tumevaa vizuri, na tumezungukwa na watu wanaotusifu. Unaimba vizuri, dada. Mzee, unaomba kwa nguvu. Mchungaji, mahubiri yamenigusa. Maneno hayo tunayapenda, na yule mmoja anayetuambia ukweli, mke wako, jirani yako, mtoto wako, tunamwita adui. Tunabadilisha makanisa kumkimbia mwenye kalamu nyekundu! Je, lini tutang'aa?

Lakini nataka twende mbele zaidi. Kuvumilia kukosolewa ni mwanzo tu. Mama yule alivumilia mwaka mzima, na bado alikuwa mwanafunzi. Alikuwa fundi siku ile alipolikataa jiwe lake mwenyewe, wakati aliyepaswa kulikataa ameshalipitisha, na pesa inatoka mezani. Hapo ndipo sisi tunapimwa: pale mkaguzi amepita na hakuona, kanisa zima halijui, na mstari ule mwembamba unauona wewe peke yako.

Basi, mtu asitoke mlangoni hapa akimfikiria mwenzake. Sadaka unayotaka kumpa Mungu wiki hii, huduma yako, kazi yako, ahadi uliyompa mtu, ishike mkononi. Isogeze dirishani. Ukiuona mstari, nyoosha mkono uitoe, kisha nenda kaichonge upya. Siku bado ipo.